Inavuta, inaunguza, au inapiga shoti? Operesheni ya mishipa ya mguu ukiwa macho

"Daktari, yaani unikate mguu huku nakutazama?"

Aliyeniuliza ni Hajati mmoja wa Bombo. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha kliniki yangu hapa Kampala, gauni amelivuta hadi gotini, na mguu wa kushoto una mishipa iliyojipinda kama mizizi ya mti iliyotokeza juu ya ardhi. Kwa miaka mingi amesimama nyuma ya meza akiuza vitenge, asubuhi hadi magharibi. Nilipomwambia hatapewa nusu kaputi, alimgeukia binti yake kwa huzuni, kama vile nimewaambia pesa zao hazikutosha.

Nimeizoea sura ile. Hapa kwetu ganzi inajulikana kuwa ya kung'oa jino na ya kutahiri. Operesheni kubwa ni ile ya kulala usingizi. Kwa hiyo niseme wazi: kwa mishipa ya miguu, mimi mwenyewe ndiye ninayetaka mgonjwa awe macho, hata akiwa tajiri wa kulipia kila kitu. Namhitaji aongee nami.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Hospitalini tunaiita vena varikosi. Damu iliyoshuka hadi unyayoni lazima ipande tena hadi kwenye moyo, na kazi hiyo hufanywa na misuli ya shavu la mguu: kila hatua unayopiga, misuli inaikamua mishipa na kuisukuma damu juu, kisha vali ndogo ndani ya mshipa zinajifunga isirudi. Ukisimama tuli, shinikizo kwenye mshipa wa kifundo cha mguu hufika karibu milimita 90 za zebaki. Ukitembea, linashuka hadi 30 hivi au chini yake. Sasa vali zikilegea, damu inaporomoka kila unaposimama, mshipa unatanuka, na ukitanuka vali zinazidi kuachana. Mguu unakuwa mzito jioni, unawasha, ngozi ya juu ya kifundo inakuwa nyeusi na ngumu, na mwisho linafunguka donda upande wa ndani. Nimepokea watu waliokaa na donda kama hilo miaka, wameambiwa walikanyaga dawa za uchawi mlangoni. Wamelijaza majani na unga wa kila aina, na shida ilikuwa juu kabisa, kwenye vali ya kinena.

Zamani mshipa wenye vali zilizolegea uling'olewa. Babcock wa Marekani alieleza mwaka 1907 namna ya kupitisha waya ndani yake na kuuvuta wote utoke, na waalimu wangu walinifundisha mtindo huohuo. Kwa kazi hiyo kwa kawaida mgonjwa alilazwa usingizi au alichomwa sindano ya mgongoni. Leo tunaufunga kwa joto ukiwa palepale, kwa leza au kwa mawimbi ya redio. Kilichotuwezesha kufanya hivyo kwa ganzi tupu ni wazo la Klein, daktari wa ngozi wa California, aliyeandika mwaka 1987 kuhusu ganzi iliyozimuliwa kwa maji mengi. Yeye alikuwa anashughulika na kunyonya mafuta mwilini. Sisi wa mishipa tukaiazima.

Maji hayo ndiyo moyo wa operesheni, na ningependa kila mgonjwa ayaelewe. Ndani ya maji ya dripu tunaweka kidogo lidokaini, ambayo ndiyo dawa ya ganzi, adrenalini ya kupunguza kuvuja kwa damu, na bikaboneti ili yasiwashe yakiingia. Kwa msaada wa altrasaundi nayapitisha kuuzunguka mshipa, kuanzia gotini hadi kinena, mara nyingi karibu nusu lita. Kwenye kioo cha mashine mshipa unaonekana umelala kati ya tabaka mbili nyeupe, mfano wa jicho lililopakwa wanja. Maji yakiingia, jicho linafumbuka: weusi unatanda pande zote, na mshipa uliokuwa mnene kama kidole unasinyaa katikati kuwa kitone. Hapo maji yamefanya kazi tatu pamoja. Yametia ganzi, yameubana mshipa ugusane na uzi wa leza tuliouingiza ndani yake, na yameweka ukuta wa baridi kati ya joto na kila kilicho karibu, yaani ngozi na mishipa ya fahamu.

Uchungu wa operesheni nzima uko hapa kwenye sindano za maji, sitaki kumficha mtu. Ni chomo kadhaa, na mguu unahisi kujaa na kubana. Wengine wanatetemeka kwa baridi, wengine moyo unawaenda mbio dakika chache kwa sababu ya adrenalini. Ndiyo maana tunaweka blanketi, na sista anakaa upande wa kichwa, si upande wa vyombo.

Kabla ya kuanza namfundisha mgonjwa maneno. Kwa Kiswahili hili ni rahisi kuliko kwa Kiingereza nilichosomea, kwa sababu lugha imeshanigawia maumivu mafungu. Akisema "inavuta" au "inasukuma", naendelea. Hayo ni mambo ya kawaida. Akisema "inachoma", kama sindano, naongeza ganzi. Akisema "inaunguza", naondoa mguu wangu kwenye kanyagio la leza hapohapo, maana kuna sehemu ambayo maji hayajafika. Na akisema "imepiga shoti", nimegusa mshipa wa fahamu, na hapo hata pumzi nasimamisha. Chini ya goti, mshipa wa fahamu unaohudumia ngozi ya ndani ya mguu unatembea ubavuni mwa vena. Altrasaundi hainionyeshi vizuri kila mara. Mgonjwa aliye macho ananionyesha.

Nilijifunza hili kwa gharama ya mtu mwingine. Miaka ya mwanzo nilimfanyia mama mmoja, mpishi, katika hospitali nisiyoitaja. Kwa upole wa malezi yake alisema, "Dokta, kama inaunguza kidogo hapo chini." Nikasikia "kidogo". Nikamjibu avumilie, tunamaliza sasa hivi. Mshipa ulifungika vizuri na uvimbe ukaisha, lakini juu ya kifundo alibaki na sehemu ya ngozi, upana wa kiganja, isiyosikia chochote. Alipokuja kuangaliwa nilipitisha pamba taratibu kutoka gotini kwenda chini. Tulipofika pale akanyamaza, kisha akasema, "Hapo hakuna mtu, dokta." Nilimwomba radhi, na alinisamehe upesi kuliko nilivyostahili. Tangu siku ile neno "kidogo" kutoka kwa mama wa Kiafrika aliyelala mezani mwangu nalipokea kama kengele.

Hajati hakuwa msemaji. Alikuja na tasbihi ya mbao, akaomba abaki nayo mkononi, nami nikakubali. Tukamvisha miwani ya kukinga leza, kama tulivyovaa sisi wote, tukamfunga pazia dogo kifuani ili asione kazi. Uzi ulikuwa umeshafika karibu na kinena, nikaanza kuurudisha chini polepole. Sista akamuuliza habari za vitenge, vya Kongo na vya China, akawa anajibu neno moja moja. Nilichokuwa nikikitazama mimi ni zile punje. Zilikuwa zinapita kwenye kidole gumba kwa mwendo mmoja. Kati ya paja na goti zikasimama. Hakusema kitu. Nikasimama pia.

"Hajati, inavuta au inaunguza?"

"Inataka kuunguza."

Nikaongeza maji pale, nikasubiri. Punje zilipoanza tena, nikaanza tena.

Sehemu iliyobaki ni kazi ya mkono. Mishipa ile iliyojipinda chini ya ngozi tulikuwa tumeichora kwa kalamu akiwa amesimama, maana ukimlaza mtu inajificha. Natoboa tundu la milimita 2 au 3, naingiza ndoano ndogo inayofanana na sindano ya kufumia, navuta. Mshipa unatoka kama tambi iliyopikwa. Tundu halihitaji kushonwa. Hajati aliomba kuiona, tukamletea kwenye kibakuli cha chuma; akaitazama muda mrefu akasema hii ndiyo iliyokuwa inamnyima usingizi.

Swali la kila mtu: damu itapita wapi sasa? Itapita kwenye mishipa ya ndani kabisa ya mguu, ambayo tangu zamani hubeba karibu asilimia 90 ya damu inayopanda. Ndiyo sababu huwa naipima kwa altrasaundi kabla ya kukubali kufanya lolote. Kama ya ndani imeziba kwa damu iliyoganda, hii ya nje huenda ndiyo inayomsaidia, na siigusi.

Wapo ambao siwafanyii wakiwa macho. Mtoto, mwenye mzio wa dawa za ganzi, na yule ambaye hofu imemzidi hata akishikwa mkono anaruka. Hao tunawalaza, na hakuna aibu ndani yake. Mashine ya leza nayo haipo kila mahali. Pasipo nayo bado mengi yanaweza kufanywa kwa ganzi, kwa kisu kidogo na ndoano.

Faida nyingine inakuja dakika ileile operesheni ikiisha. Aliye macho anavaa soksi yake ya kubana, anashuka mezani, anatembea. Kutembea ndiko kunakozuia damu kuganda. Kwa wiki mbili za mwanzo siruhusu safari ndefu ya basi, Arua au Kabale, kukaa magoti yamekunjwa saa nyingi. Shavu la mguu likivimba na kuuma sana, au pumzi ikikatika, rudi hospitali ya karibu usiku huohuo, usingoje miadi yangu.

Hajati nilimwambia azunguke ukumbi nusu saa. Binti akataka kumshika mkono, akaukataa. Nilipotoka kunawa nilimkuta upande wa dirisha, soksi imefika pajani, viatu vya plastiki miguuni, tasbihi bado mkononi. Nikamuuliza ni mizunguko mingapi.

"Kumi na nne," akasema, akasukuma punje nyingine.