Tofali nene halitapoza nyumba yako

Mteja mwingine tena, mwenye kiwanja Iyumbu, hapa Dodoma: "Injinia, mambo ya kihami joto ni ya Ulaya kwenye theluji. Wewe niongezee unene wa tofali, nyumba itapoa." Nimechoka kulijibu hili kwa simu. Naandika, atakayefuata nitamtumia linki.

Kihami hakiulizi joto linatoka wapi. Kazi yake ni kulichelewesha lisipite, liwe linatoka au linaingia. Sisi tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linakuwa utosini. Linalopigwa kuliko vyote hapo ni bati. Bati likichemka linaikanza dari ya jipsamu, na dari inakukanza wewe. Halafu unaongeza tofali! Sentimita 5 za kihami cha pamba ya kioo (nyuzi laini za kioo) juu ya dari huzuia joto kama zege lenye unene wa zaidi ya mita moja.

"Mbona tembe la Wagogo lilikuwa na ubaridi na halina kihami?" Hapa ndipo napandwa na hasira. Tembe lilikuwa na udongo juu ya paa pia, tabaka nene limelazwa juu ya miti, na vitundu vidogo vya mwanga. Ninyi mmechukua ukuta mkaacha paa, mkaweka bati tupu na dirisha la kioo ukuta mzima. Tofali hutunza joto. Ukuta wa magharibi ukiota jua tangu saa nane mchana, usiku unakurudishia lote ukiwa kitandani.

Na foili, ile karatasi ya alumini inayong'aa ya kuwekwa chini ya bati, jamani. Fundi anaibana kwenye bati, vimegusana, anadai kazi imekwisha. Upande wa foili unaogusana na bati hauna maana. Hapo inapitisha joto kama chuma kingine chochote. Inataka nafasi ya hewa, sentimita mbili au zaidi, na uso unaong'aa uitazame hewa hiyo. Mimi huuelekeza chini, kwa sababu vumbi la Dodoma likitua juu ya foili mng'ao umekwisha.

Mengine haraka: bati jeupe, kibaraza kipana, madirisha machache magharibi.

Kuta? Sijashawishika kwamba kuzihami kunalipa hapa; mimi nazipa kivuli. Na ile nyumba ya mfano ya kutumia nishati kidogo sana, ya Darmstadt, Ujerumani, ya mwaka 1991, iliyozibwa hewa isipenye, siigi hata kidogo: jiko la mkaa ndani ya nyumba isiyopumua linaua watu.

Kinachonisumbua kweli ni usiku. Nadharia inasema funga madirisha mchana, fungua usiku upepo wa baridi upoze kuta. Nani atalala madirisha wazi, na mbu wapo, wezi wapo? Kwa sasa nachora matundu ya juu, karibu na dari, yenye nondo na wavu. Wavu unakula upepo, najua. Mwenye njia bora aniandikie hapo chini.