Namba unazoandika kwa mkono ndizo zitakazokurudisha ofisini

Juzi nimemaliza kukabidhi kompyuta 14 za watumiaji kwenye ofisi moja, na kazi iliyonila muda haikuwa kufunga programu. Ilikuwa kufuta. Aliyenitangulia alikuwa ameandika kila kitu kwa mkono ndani ya kila mashine: anwani ya IP (namba inayoitambulisha mashine mtandaoni), anwani ya ruta, anwani ya DNS (huduma inayogeuza majina kuwa namba hizo), njia ya kufikia printa, hata nywila ya folda ya pamoja. Kila mashine ilikuwa na mambo yake, na hapakuwa na karatasi hata moja inayoonyesha ipi ina nini. Walipobadilisha ruta, ofisi nzima ikasimama.

Mimi naishika kanuni moja: kitu chochote ambacho seva, yaani kompyuta kuu inayozihudumia nyingine, inaweza kuipa mashine, sikiandiki ndani ya mashine. Mafaili, akaunti, ruhusa na anwani vikae sehemu moja ninayoweza kuisimamia. Mashine ikiungua saa tatu asubuhi, saa nne mwenye kazi awe amekaa kwenye nyingine na anaendelea alipoishia. Hayo mengine yote nitakayoeleza hapa yanatoka kwenye kanuni hiyo.

Waya kwanza, na nitapita haraka. Kutoka kwenye swichi, kile kifaa kinachounganisha waya zote za ofisi, hadi kwenye kompyuta, kebo isizidi mita 100, ukihesabu na vipande vifupi vya pande zote mbili. Ndani ya kebo kuna jozi nne za nyaya. Kasi ya megabiti 100 inatumia jozi mbili tu. Gigabiti moja inazihitaji zote nne. Ndiyo maana waya mmoja ukikatika ndani ya plagi, mashine mara nyingi haizimiki mtandaoni, inashuka tu hadi 100 na mtumiaji analalamika kwamba "seva ni nzito". Kabla hujaigusa seva, angalia kasi iliyoandikwa kwenye hali ya kadi ya mtandao. Ikiwa inasoma 100 na swichi yako ni ya gigabiti, rudi kwenye plagi.

Anwani ya IP mashine iipate kwa DHCP, huduma inayogawa anwani yenyewe. Ukiiwasha, inapiga ukelele kwa mtandao mzima: kuna seva ya kunipa anwani? Seva inajibu na kuipendekezea moja, mashine inaiomba rasmi, seva inathibitisha. Ujumbe mara nne, basi. Anwani hiyo ni ya kukodi. Kwenye seva ya Windows muda wa kawaida ni siku 8, na ukifika nusu mashine inaomba kuongezewa bila mtu kujua. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, ujue mashine imeita na haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Hapo tatizo liko kwenye waya, kwenye swichi au kwenye seva ya DHCP. Usianze kufunga upya mfumo endeshi.

Wengi huniuliza: na printa je, si lazima anwani yake isibadilike? Isibadilike, ndiyo, lakini hata hiyo naiwekea akiba kwenye seva ya DHCP kwa kutumia anwani ya kudumu ya kadi yake ya mtandao. Printa inaendelea kuomba kama wengine, na kila mara inapewa ileile. Siku nikitaka kuihamisha, nabadilisha mstari mmoja kwenye seva badala ya kubonyeza vitufe vya printa huku nimeinama.

DHCP nayo ina hila yake, na hii nimeiona kwa macho. Ofisi moja, asubuhi, baadhi ya mashine zinafika intaneti vizuri lakini haziioni seva ya mafaili. Nyingine hazina shida kabisa. Nikakaa kwenye mojawapo ya zile mbovu, nikaandika ipconfig /all, amri ya Windows inayoonyesha mipangilio ya mtandao, nikasoma taratibu hadi kwenye mstari unaotaja seva ya DHCP. Anwani iliyoandikwa pale haikuwa ya seva yetu. Nikaitafuta anwani ya kadi ya huyo mgeni kwenye jedwali la swichi, ikanionyesha tundu namba 17, nikaufuata waya hadi chini ya meza. Palikuwa na ruta ndogo isiyotumia waya. Mtu aliileta ili simu yake ishike vizuri, akauchomeka waya wa ofisi kwenye tundu la ndani badala ya lile la intaneti. Basi ruta hiyo ikawa inagawa anwani kwa kila aliyepiga ukelele, na aliyejibu kwanza ndiye aliyesikilizwa. Swichi nyingi zinazosimamiwa zina uwezo wa kuyazuia majibu ya DHCP yanayotoka kwenye tundu usiloliamini. Uwashe uwezo huo siku ya kwanza.

Sasa DNS. Nikiombwa kutaja kitu kimoja ambacho mafundi wanakikosea kuliko vyote wanapoingiza mashine kwenye domeni, yaani kundi la mashine na akaunti zinazosimamiwa na seva moja, nitakitaja hiki.

Mashine iliyo kwenye domeni ya Active Directory, mfumo wa Windows wa kusimamia domeni, haijui seva yake iko wapi. Kila mara inauliza DNS: ni nani anayesimamia domeni hii, nimpate wapi wa kunithibitishia mtumiaji? Rekodi hizo ziko kwenye DNS ya ndani, ile ya seva ya ofisi, peke yake. Ukiielekeza mashine kwenye DNS ya ruta au ya mtoa intaneti, itapata tovuti zote duniani na itaikosa seva iliyo chumba cha pili. Kuingia asubuhi kunachukua dakika nyingi, gurudumu linazunguka tu, kisha diski za mtandao hazionekani.

Kosa la werevu zaidi ni lile la kuweka DNS ya ndani kama ya kwanza na 8.8.8.8, ile ya umma ya Google, kama ya pili, "kwa dharura". Linaonekana ni busara. Lakini ile ya pili haifanyi kazi namna hiyo. Ya ndani ikichelewa kidogo, mashine inauliza ya pili. Na ya pili, kwa kuwa haiijui domeni yako, inajibu kwamba jina hilo halipo. Kwa mashine, "halipo" ni jibu kamili. Haiendi kumuuliza mwingine. Matokeo yake ni ule ugonjwa wa kuja na kuondoka unaowachosha watu: leo inaingia, kesho haiingii, ukiizima na kuiwasha inapona. Weka DNS za ndani tu, ikiwezekana mbili, na hizo zenyewe ndizo zipeleke nje maswali zisizoyajua. Na orodha hiyo itoke kwa DHCP, usiiandike kwenye mashine.

Saa nayo isidharauliwe. Kerberos, utaratibu unaotumika kuthibitisha watumiaji kwenye domeni, kwa kawaida hauvumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5 kati ya mashine na seva. Kuna mama mhasibu aliyekuwa akikataliwa kuingia kila Jumatatu. Alikuwa amebadilishiwa nywila mara tatu kabla sijafika, na alianza kuamini kwamba yeye ndiye anayekosea kuiandika. Nikatazama pembeni mwa kioo: tarehe ilikuwa ya miaka kadhaa nyuma. Betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, ile CR2032, ilikuwa imekufa, na kwa kuwa ofisi ilichomoa umeme wote kila Ijumaa jioni, saa ilipotea kila mwisho wa wiki. Nilimwonyesha betri ile mkononi mwangu ili ajue kosa halikuwa lake. Mtu akikuambia nywila yake ni sahihi, mwamini kwanza kisha utazame saa.

Jina la mashine lipange kabla ya kuiingiza kwenye domeni, halafu izime na kuiwasha. Lisizidi herufi 15. Mimi natumia idara na namba, UHASIBU-03, MAPOKEZI-01. Situmii jina la mtu, kwa sababu mtu anahama na mashine inabaki, na miaka miwili baadaye unasoma kwenye kumbukumbu za seva jina la mfanyakazi aliyekwishaondoka na hujui ni meza ipi. Majina mawili yasifanane. Mashine ya pili ikijiunga kwa jina la ya kwanza inaichukua akaunti yake, na ya kwanza inaanza kuambiwa kwamba uaminifu kati yake na domeni umevunjika. Ujumbe huohuo utaupata ukirudisha mashine kwenye nakala ya zamani ya diski: kila mashine ina nywila yake ya siri na domeni, na kwa kawaida huibadilisha yenyewe kila siku 30, kwa hiyo nakala ya miezi mitatu iliyopita inakuja na nywila ambayo seva haiitambui tena.

Kabla ya kununua mashine, hakikisha toleo la Windows si la Home. Toleo hilo haliingii kwenye domeni, na nimeona watu wakigundua hilo baada ya maboksi kufunguliwa.

Je, ofisi ndogo isiyo na seva? Inawezekana mashine moja ikashirikisha folda kwa wenzake, lakini akaunti za watu itabidi uzitengeneze kwenye kila mashine, na Windows ya kawaida inakubali miunganisho 20 tu kwa wakati mmoja. Mashine tatu au nne, sawa. Zikifika kumi, utakuwa unazunguka meza baada ya meza kubadilisha nywila, na hapo umeshaiacha kanuni niliyoanza nayo.

Kwenye akaunti sina mjadala: mtumiaji aingie kama mtumiaji wa kawaida, hata kama ni mkurugenzi. Kirusi kinachofunguliwa na mtu asiye na mamlaka ya msimamizi kinakutana na milango mingi iliyofungwa. Akaunti ya msimamizi iliyo ndani ya kila mashine iwe na nywila tofauti kila mahali. Najua ni rahisi kutumia moja kwa zote, lakini anayeipata kwenye mashine ya mapokezi anakuwa ameipata ya uhasibu pia. Windows ina chombo kinachoitwa LAPS cha kuzitunga, kuzibadilisha na kuzihifadhi nywila hizo kwenye domeni, kwa hiyo huna haja ya kuzikariri.

Ruhusa za folda ziwape makundi, si mtu mmoja mmoja. Mhasibu mpya akija, unamwingiza kwenye kundi la uhasibu na kila kitu kinamfuata. Kumbuka pia kwamba folda ya pamoja ina ruhusa za tabaka mbili: za kushirikisha kupitia mtandao, na za folda yenyewe kwenye diski. Anayepita kwenye mtandao anapimwa na zote mbili, na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Mtu akisema anaweza kufungua faili lakini hawezi kulihifadhi, mara nyingi tabaka moja limeachwa kwenye kusoma tu.

Folda ya nyaraka na ile ya mezani nazielekeza kwenye seva bila kumwachia mtumiaji kazi ya kukumbuka. Watu wanahifadhi pale wanapoona, na wanachokiona ni meza ya kompyuta. Ukimwambia "usihifadhi hapo, hifadhi kwenye diski S", atakubali kwa heshima na kesho atahifadhi palepale. Afadhali pale anapopapenda pawe ndani ya seva, ambako nakala rudufu inachukuliwa kila usiku. Kwa kompyuta mpakato nawasha pia nakala ya mafaili inayobaki ndani ya mashine mtandao usipokuwepo, na nahakikisha mwenye mashine ameingia angalau mara moja akiwa ofisini. Windows hukumbuka, kwa kawaida, watu 10 wa mwisho walioingia. Asiyewahi kuingia akiwa ameunganishwa hataingia akiwa safarini.

Kumfundisha mtumiaji sichukui zaidi ya dakika kumi. Afunge kioo kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na L anapoinuka. Asichomoe umeme wakati masasisho yanaingia. Na akibadilisha nywila, atoke kwenye kila mashine nyingine aliyoiacha wazi na aibadilishe pia kwenye simu inayopokea barua pepe, la sivyo vifaa hivyo vitaendelea kubisha hodi kwa nywila ya zamani hadi akaunti yake ifungwe. Hili la mwisho ndilo linaloleta simu nyingi kuliko yote, na ni wachache wanaoambiwa mapema.

Siku ya kukabidhi sitazami orodha yangu. Namwomba mtu wa mapokezi akae kwenye mashine ya uhasibu, aingie kwa jina lake, afungue barua aliyoiandika jana na kuichapa. Kisha najaribu kufungua folda ya mishahara kutoka hapohapo, kwa akaunti yake. Barua ikitoka kwenye printa na folda ikikataa, naenda meza inayofuata.