Kutoka duka la Dar hadi lori la Uhuru: Khalfan Khamis Mohamed alivyonaswa

Khalfan Khamis Mohamed, mmoja wa waliolipua ubalozi wa Marekani Dar es Salaam mwaka 1998, alizaliwa Kidimni, Unguja, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baba yake alifariki yeye bado mtoto. Sekondari hakuimaliza, akavuka bahari kwenda Dar es Salaam kumsaidia kaka yake dukani. Mpaka hapo hana tofauti na mamia ya vijana wa visiwani waliopita njia hiyohiyo na kuishia kufungua maduka yao wenyewe. Kwa hiyo anayesema "umaskini ndio uliomharibu" anakwepa swali: kwa nini yeye, na si wenzake?

Jibu linaanzia kwenye mazungumzo ya msikitini. Miaka hiyo Waislamu wa Bosnia walikuwa wakiuawa na habari zilifika Kariakoo kama zilivyofika kwingine. Uchungu wa Khalfan ulikuwa wa haki, na wanaoandikisha vijana kwenye ugaidi wanapenda uchungu wa aina hiyo kwa sababu hakuna mzazi wala shehe atakayeukemea. Kosa linaloonekana mara nyingi majumbani ni kungoja kijana aanze kutukana watu ndipo tushtuke. Wengi huanza kwa huruma. Cha kutazama ni pale huruma inapokataa kila njia ya kawaida, iwe mchango, dua au msaada wa wakimbizi, ikabaki njia moja tu, tena ya siri.

Mwaka 1994 alikwenda Afghanistan akiamini kwamba mafunzo yatamfikisha Bosnia. Kambini alisomeshwa silaha, kisha milipuko, pamoja na masomo ya dini. Bosnia hakupelekwa, aliambiwa arudi nyumbani.

Hapo ndipo pa kutulia kidogo. Mtu aliyekwisha kujiona mpiganaji amerudi kupima mchele na vita vyake hajavipata. Familia kwa kawaida hushusha pumzi mtoto anaporudi salama na haimuulizi mengi. Kwa wanaomtumia, huyo ni mali iliyowekwa akiba: ana mafunzo, ana deni moyoni, na ni mwenyeji asiyetiliwa shaka na jirani. Mwaka 1997 alikwenda Somalia. Mwaka 1998 alifuatwa tena, akaulizwa kama yuko tayari kwa kazi ya jihadi. Alikubali kabla ya kujua kazi yenyewe ni ipi. Kwa maelezo aliyowapa wapelelezi, shabaha aliijua siku chache tu kabla ya mlipuko.

Kazi alizopewa zilikuwa za kijana wa mjini. Alikodi nyumba Ilala, akashiriki kununua gari dogo aina ya Suzuki, akapata pasipoti ya jina la bandia. Wageni waliomtuma walihitaji Kiswahili chake na sura yake ya kawaida. Ndiyo maana tunasisitiza: kijana asiye na kipato anapokodi nyumba nzima yenye ukuta kwa ajili ya "rafiki", au kununua gari asiloliendesha, muulize pesa imetoka wapi na nani atakaa humo. Maswali hayo mawili hayahitaji utaalamu wowote.

Asubuhi ya Agosti 7, 1998 alipanda lori lililobeba bomu, akashuka Barabara ya Uhuru, dereva akaendelea hadi ubalozi wa Marekani, bomu likalipuka. Watu 11 walikufa Dar es Salaam, hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao; Nairobi, ambako ubalozi wa Marekani ulilipuliwa siku hiyohiyo, walikufa 213. Khalfan alikimbilia Cape Town, akafanya kazi kwenye mgahawa wa baga kwa jina la bandia hadi alipokamatwa Oktoba 1999. Mwaka 2001 mahakama ya New York ilimtia hatiani na kumfunga maisha.

Kwa familia yenye kijana aliyerudi kutoka safari isiyoeleweka, miezi ya mwanzo ndiyo ya kazi. Msimfukuze nyumbani, kwani mlango mwingine ataupata siku hiyohiyo. Mpeni shughuli yenye majukumu mbele ya watu, mkutanisheni na shehe anayemheshimu kwa elimu, na mjue simu zake za usiku zinatoka kwa nani. Akianza kuaga jamaa, kulipa madeni kwa ghafla au kuficha hati za kusafiria, msisubiri kikao cha ukoo: nendeni kwa sheha, serikali ya mtaa au kituo cha polisi siku hiyohiyo, mkiwa na majina na tarehe mlizoandika.