Hakuna jeni ya kidole cha sita

Jumapili tulikwenda kumtazama mzazi. Mtoto mzuri, na pembeni ya kidole chake cha mwisho kananing'inia kadole kengine. Sijaketi, shemeji mmoja kanigeukia: "Wewe si ndiye mtaalamu? Hiyo jeni ya kidole cha sita imetoka ukoo wa nani?" Chumba kizima kikawatazama wakwe. Swali hili nimeshalijibu misibani, kwenye daladala na kwa kinyozi. Sasa naliandika, atakayeuliza tena nimtumie hapa.

Jeni ya kidole haipo. Ya pua nayo haipo. Jeni hutoa maelekezo ya kutengeneza protini (si zote, ila tuliache hilo), na protini haijui kidole ni kitu gani.

Mimi nashinda na mayai ya kuku. Siku ya nne ya kuatamiwa, bawa ni kiuvimbe tu. Mwaka 1968 watafiti John Saunders na Mary Gasseling walikata kipande cha ukingo wa nyuma wa kiuvimbe kama hicho, wakakipandikiza ukingo wa mbele wa kingine. Bawa likaota seti mbili za vidole, zinatazamana kama mtu na kioo. Hakuna jeni iliyoguswa! Kilichobadilika ni jirani.

Ishara itokayo ukingo ule wa nyuma, nayo ni protini, ilitambuliwa 1993. Inaitwa Sonic hedgehog, jina la mhusika wa mchezo wa video, msinicheke mimi. Wanafunzi huwa nawaambia: kuna nyumba inapika pilau. Wa mlango wa pili anatambua hadi iliki, wa mwisho wa mtaa anaambulia harufu tu. Kila seli hupima ukali wa harufu, ikajua iwe kidole gani.

Mfano mtamu, na siku hizi unanikera. Kwanza, seli hazipimi ukali peke yake, hata muda zilioinusa unahesabika. Pili, seli za nyuma kabisa zenyewe ziliwahi kuwa jikoni, yaani ziliwahi kuitoa ishara hiyo. Tatu, na hili ndilo huninyima usingizi: panya akikosa Sonic, mguu wa nyuma huambulia kidole kimoja. Akikosa Sonic pamoja na jeni nyingine, GLI3, vidole hurudi, tena vingi kupita kawaida na havitofautiani. Kwa hiyo Sonic haiumbi vidole, inaviwekea idadi na kuvipa sura. Nani basi anavigawa? Wapo wanaosema seli hujipanga zenyewe kwa milia, kwa hesabu alizoandika mwanahisabati Alan Turing mwaka 1952. Naelekea upande huo, ila kuna baadhi ya matokeo ambayo hunirudisha kwenye pilau.

"Mbona vinarithiwa?" Ndiyo, vinarithiwa. Wapo wenye kidole cha ziada upande wa gumba kwa sababu ya herufi moja ya DNA iliyobadilika kwenye swichi, yaani kipande cha DNA kinachoiwasha jeni, na swichi hiyo iko mbali na jeni ya Sonic kwa herufi karibu milioni 1. Protini ni ileile, nzima kabisa. Imewashwa pasipo pake tu. Cha mtoto wetu kiko upande wa pili, kisa kingine. Wakati mwingine ni GLI3, mara nyingi hatuna wa kumnyooshea kidole. Shemeji, waache wakwe.

Mzazi mwenyewe ndiye aliyekuwa na swali la maana: kafungwe uzi? Hapana, mama. Uzi huweza kuacha kinundu kinachouma. Mpeleke hospitali.