Ekinasia ya kitaluni haijamaliza kukua

Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye magrupu: ekinasia (ua la bustani) ikishachanua kitaluni imefika kimo chake, hivyo ipande mstari wa mbele wa bustani, penye mimea mifupi, bila wasiwasi. Si kweli. Baadhi ya wakuzaji huipa miche dawa ya kufupisha shina ili isafirishike vizuri, na kopo nalo huibana mizizi hadi ikajizungusha. Ardhini, dawa ikiisha nguvu, mmea hurefuka. Ekinasia ya zambarau kwa kawaida hufika sentimita 60 hadi 120. Zipo aina fupi kwelikweli, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Soma kibandiko: tafuta jina la aina na kimo cha mmea uliokomaa. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.