Wahojiwa 18 Wanatosha

Mtahini mwingine tena ameandika pembeni mwa tasnifu ya mwanafunzi wangu: "Wahojiwa 18 ni wachache mno. Tumia fomula ya Yamane." Nimechoka.

Fomula ile, ya kukokotoa idadi ya wahojiwa, inafaa pale unapotaka kukadiria ni asilimia ngapi ya watu wana jambo fulani. Walengwa wakiwa 10,000 na kosa unaloruhusu ni asilimia 5, inakupa 385. Sawa. Lakini binti huyu hakuuliza wamachinga wangapi wameridhika na eneo walilopangiwa. Aliuliza wanaamuaje kubaki pale au kurudi barabarani.

Tazameni ukurasa mmoja tu wa shajara yake ya uwandani. Mama muuza mitumba anasema, "Tunashukuru, hapa pazuri." Mtendaji wa mtaa amesimama kando yake. Mtendaji anaondoka, mama anaanza kukunja turubai, anasema jioni anarudi kituo cha daladala, maana huko ndiko wateja wanakoshukia. Kwenye dodoso angewekewa alama ya "ndiyo", na SPSS, programu ya takwimu, ingeipokea hivyohivyo. Kusanya "ndiyo" 385 za namna hiyo, utakuwa umejumlisha woga. Mwanaanthropolojia Clifford Geertz alilieleza hili mwaka 1973 kwa mfano wa mwanafalsafa Gilbert Ryle: huyu kope imemcheza, yule anamkonyeza mwenzake. Kwa macho ni kitu kilekile. Kazi yetu ni kuwatofautisha.

Mkabala wa kihakiki, unaohoji nani ana mamlaka, unakwenda mbele: kwa nini mtendaji yupo pale, na swali la "kuridhika" limetungwa na nani? Wala msiseme ni mambo ya kigeni. Miaka ya 1970, Marja-Liisa Swantz na wenzake wa mradi wa Jipemoyo, hapo Bagamoyo tu, walitafiti pamoja na wanavijiji.

Kinachoninyima usingizi ni ukomo. Wanasosholojia Glaser na Strauss, 1967, walisema uache pale data mpya zisipoongeza kitu kwenye dhana zako. Leo kila tasnifu inaandika "data zilifikia ukomo" bila kuonyesha vipi. Mara nyingi kilichoisha ni nauli, na hata mimi msimamizi siwezi kuapa kipi kilitangulia.

Basi siku ya utetezi mbaneni hapo. Nani alikuwepo wakati wa mahojiano? Ni mhojiwa gani anayepingana na tafsiri yake, na amemweka ukurasa wa ngapi? Alijuaje kwamba data zimetosha? Akishindwa kujibu, mrudisheni uwandani, nami nitawaunga mkono.