Hapana, Wamormoni hawakuitupa Biblia

"Dokta, wale wana Biblia yao. Hii yetu walishaitupa." Kauli hii naisikia kila muhula ninapofundisha dini linganishi hapa Dar es Salaam, na nimeichoka. Wanaoitoa ni vijana waliokulia kwenye kwaya, Zaburi wanazo kichwani, ila kitabu wanachokihukumu hawajawahi hata kukishika.

Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ndilo la hao Wamormoni, lina maandiko manne: Biblia, Kitabu cha Mormoni, Mafundisho na Maagano, na Lulu ya Thamani Kuu. Biblia hawakuitupa, waliiwekea sharti. Makala yao ya Imani ya 8 inasema Biblia ni neno la Mungu pale ilipotafsiriwa kwa usahihi, na Kitabu cha Mormoni nacho ni neno la Mungu, bila sharti hilo. Hapo ndipo penye mjadala, na wanafunzi wangu hawafiki hapo kwa sababu wamekwama kwenye "walishaitupa".

Dawa yangu ni ileile siku zote: weka Biblia na Kitabu cha Mormoni mezani, usome hiki kando ya kile. Mwaka jana niliitoa kwa kijana wa mwaka wa pili, ambaye bibi yake huko Mbagala alimkataza kuingia na Kitabu cha Mormoni nyumbani. Akawa anakisomea maktaba. Nilimwelekeza 2 Nefi 12 hadi 24, sura za humo ambazo ni Isaya 2 hadi 14 ya Biblia, kwa sehemu kubwa neno kwa neno. Alipofika mstari wa 16 wa sura ya 12, akanifuata ofisini. Isaya anataja merikebu za Tarshishi. Kwa Nefi kuna merikebu za bahari, kisha za Tarshishi. Nikamwonyesha kwamba tafsiri ya kale ya Kigiriki ina "bahari" pale ambapo Kiebrania kina "Tarshishi". Waumini husema Nefi amehifadhi maneno yote mawili. Wakosoaji hujibu kuwa wafafanuzi wa Biblia walikwishaijua tofauti hiyo ya Kigiriki kabla ya Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa hilo aliyekitoa Kitabu cha Mormoni. Akauliza ashike lipi. Nikamwambia aende akalale nalo kwanza.

Baada ya miezi miwili akarudi na kosa la upande wa pili: eti akiolojia imekithibitisha kitabu chote. Haijakithibitisha. Kinasimulia familia ya Lehi iliyoondoka Yerusalemu mnamo 600 K.K. ikavuka bahari hadi Amerika, na humo mna farasi na chuma cha pua, vitu ambavyo wanaakiolojia hawavikuti huko katika nyakati hizo. Anayeamini anaamini kwa imani, na haki hiyo anayo.

Mengine ni ya haraka. Kanisa hili si Freemason, kile chama cha kindugu chenye ibada za siri. Smith alijiunga na Freemason mjini Nauvoo mwaka 1842, wakati kanisa lilianzishwa Aprili 6, 1830, na kitabu kilichapwa Palmyra, New York, mwaka huohuo. Si Mashahidi wa Yehova pia, hata kama wote hutembea wawili wawili na tai shingoni. Kuoa wake wengi kulipigwa marufuku na tamko la 1890 la Wilford Woodruff, rais wa kanisa wakati huo. Leo muumini anayeongeza mke anafukuzwa. Na la wanaume weusi kunyimwa ukuhani hadi Juni 1978 si dhana potofu, ni kweli, na mwalimu anayelificha anawakosea wanafunzi wake.

Yule kijana alinipigia hodi tena juzi. Shikamoo yenyewe aliitoa huku anafungua daftari. Alikuwa amegundua kuwa 1 Nefi 11:18, katika toleo la 1830, humwita bikira "mama wa Mungu", na toleo la 1837 likaongeza neno: "mama wa Mwana wa Mungu". Akataka kujua nani aliongeza, na kwa nini. Nikamvutia kiti.